Gomesi Iliyogeuka Beseni: RAW na JPEG Nilivyozijua kwa Kulipa

Mama mzazi wa bwana harusi alikuja studioni kwangu Kondele, Kisumu, siku ya Jumanne, wiki tatu baada ya harusi, albamu ikiwa kwapani. Nilimsogezea kiti, hakuketi. Aliifungua albamu juu ya kaunta, akalowesha kidole ulimi, akapitisha kurasa mbili tatu, kisha akasimama kwenye picha ya akina mama watano mbele ya hema. Yeye ndiye wa katikati. Gomesi nyekundu ya satini, mabega yamechongoka sawasawa, mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno.

"Kijana wangu," akasema, "hii gomesi nilishonewa Busia. Kitambaa kilikuwa na maua. Mshipi ulikuwa na mikunjo, niliupiga pasi mwenyewe saa kumi na moja asubuhi. Nionyeshe yako wapi."

Nikainama. Uso wake ulikuwa umetoka vizuri, hata mkufu wa shanga ungeweza kuuhesabu. Lakini kuanzia kifuani hadi miguuni hapakuwa na ua wala mkunjo. Palikuwa na wekundu mmoja, umelala bapa, kama mtu alichukua brashi ya rangi ya mafuta akajaza.

"Wenzangu wote wamevaa nguo," akasema Mama. "Mimi nimevaa beseni."

Nilicheka, na kucheka kule kulinigharimu. Tulikuwa tumekubaliana shilingi 35,000, wakatanguliza 15,000. Kwenye salio la 20,000 walinilipa 8,000, na sikupata mdomo wa kudai zaidi. Mama hakujua kwamba picha ya beseni haikuwa hata mbaya kuliko zote. Zilikuwepo za asubuhi, na hizo sikuwa nimethubutu kuzitia kwenye albamu.

Naandika haya kwa ajili ya kijana au binti aliyenunua kamera ya mtumba juzi, ameanza kuitwa harusini, na kila akifungua menyu anaona neno RAW, ile faili ya picha mbichi, analipita na kubaki na JPEG, ile picha ambayo kamera imekwisha kuipika. Mimi nililipita miaka mitatu.

Kusema kweli sikulipita bila kulijaribu. Wiki ile niliyonunua kamera, ya megapikseli 18, kwa shilingi 38,000 kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahamia Nairobi, niliweka RAW nikapiga picha kumi za kuku wa nyumbani. Nilipoziingiza kwenye laptopu zikakataa kufunguka. Kila faili ilikuwa na megabaiti 24 au 25, wakati JPEG zilikuwa na 6 na kitu. Nikaogopa nimeharibu mashine ya watu. Nikarudisha JPEG, nikakaa hapo. Zaidi ya hayo kadi yangu ya gigabaiti 32 ilikuwa inanionyesha nafasi ya picha 4,700 hivi kwa JPEG, na kama 1,200 tu kwa RAW. Nani mwenye njaa ya kazi angechagua sahani ndogo?

Kosa lingine nililifanya kwa makusudi kabisa. Niliweka kamera kwenye mtindo wa rangi kali. Wateja wangu walipenda picha inayong'aa, anga liwe buluu ya kuumiza macho, nyasi ziwe kijani kama za kuchora. Kwa picha za siku ya kuzaliwa na za ufukweni Dunga mtindo ule uliniletea sifa. Sikujua kwamba kamera haikuwa inanionyesha rangi kali tu. Ilikuwa inaziandika hivyo kwenye faili, na kutupa zile za awali.

Sasa harusi yenyewe. Ijumaa usiku nilikuwa kwenye kesha la kwaya hapa mjini, kanisa lenye balbu za manjano. Nikaweka mizani ya weupe, ile inayoandikwa WB na kuiambia kamera mwanga ni wa rangi gani, kwenye alama ya balbu. Picha zikatoka safi. Nikalala saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye matatu ya kwenda harusini Luanda, ile ya Vihiga, nimevuka ikweta pale Maseno nikisinzia, na alama ya balbu bado imekaa palepale kwenye kamera.

Nilipiga bwana harusi akivaa. Nilipiga vijana wakifungana tai. Nilipiga mzee wa boma ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, anapaka viatu rangi, kiatu kimoja kimevaa mkono wake wa kushoto kama glavu. Picha 140 hivi, zote nje au karibu na dirisha, zote kwenye mwanga wa jua. Kioo cha kamera nilikitazama, lakini jua la kule likiwaka kioo kinakuwa cheusi tu, unaona kivuli cha mtu na kujipa moyo. Saa nne na nusu, tukiwa kanisani, nilijifunika koti kichwani ili nione vizuri. Watu wote walikuwa wa buluu. Shati jeupe la bwana harusi lilikuwa na rangi ya sabuni ya kufulia.

Nikabadilisha haraka, nikaweka kamera ijichagulie yenyewe. Moyo ukatulia. Nikajiambia zile za asubuhi nitazinyoosha kwenye kompyuta. Na mtindo wa rangi kali? Huo sikuugusa. Saa nane mchana, jua likiwa utosini, akina mama wakajipanga mbele ya hema.

Jumapili usiku nilijifungia. Kunyoosha buluu kulinishinda. Nikivuta rangi kuelekea manjano, ngozi za watu zinakuwa za majivu, kama waliotoka kulala jikoni. Shati la bwana harusi linabaki na mabaka, hapa manjano, hapa jeupe, hapa zambarau. Nikihifadhi na kufungua tena, mabaka yanaongezeka. Nililifanyia faili moja kazi saa mbili, nikihifadhi juu ya ileile kila mara, mpaka ukuta wa nyuma ukaanza kuonyesha vigae vidogovidogo vya mraba ambavyo kwenye nyumba ile havikuwepo. Hata ile ya awali, yenye buluu yake, nikawa sina tena.

Baada ya ziara ya Mama nilitia picha hizo kwenye flashi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko la Kibuye. Yeye alianza kazi enzi za filamu. Nyuma ya pazia lake kuna makatoni ya bahasha za kaki, kila bahasha imeandikwa mwaka na jina la mteja, ndani mna negetivu. Alitazama gomesi kwa muda, akavua miwani.

"Negetivu yake iko wapi?"

"Mzee, hii ni digitali. Haina negetivu."

"Inayo. Wewe uliitupa."

Nikadhani ananisema kwa hasira za wazee kwa vitu vya siku hizi. Kumbe yeye mwenyewe anapiga RAW miaka mingi, na ndiye aliyenikalisha chini. Mengine niliyasoma usiku, kidogokidogo, na nitayaeleza nilivyoyaelewa mimi.

Kihisi cha kamera hakioni picha ya rangi. Kimejaa vidoa vya kupokea mwanga, mamilioni, na kila kimoja kimefunikwa kichujio cha rangi moja tu: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976, na kamera nyingi mpaka leo zinaufuata. Kila kidoa kinatoa namba moja, ya kiasi cha mwanga kilichokiangukia. RAW ni hizo namba, kabla hazijapikwa. Ndiyo maana inaitwa mbichi. Kwenye kamera yangu kila namba ina biti 14, maana yake inaweza kuwa ngazi yoyote kati ya 16,384.

Ukichagua JPEG, kamera inazipika hizo namba hapohapo. Inakisia rangi zinazokosekana kwenye kila kidoa, inatia mizani ya weupe uliyoweka, inatia mtindo wa rangi, inanoa kingo, kisha inashusha kila rangi hadi biti 8, yaani ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Halafu inaigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho kwa kawaida haligundui kwamba hayapo. Hivyo ndivyo vigae nilivyoviona ukutani. Kila nilipohifadhi, kazi ya kutupa ilifanyika upya.

Na gomesi? Wekundu wa satini juani ni mkali. Mtindo wangu ukaupandisha zaidi. Kwenye JPEG nyekundu haina pa kwenda zaidi ya 255, basi petali likawa 255, kitambaa kilichozunguka petali 255, mkunjo wa mshipi 255. Ukiniuliza ua liko wapi nitakuambia lipo, limesimama pamoja na wenzake kwenye 255.

Asubuhi ya buluu ilikuwa vilevile kwa njia nyingine. Kamera ikiambiwa kuna balbu, inaamini mwanga ni wa manjano, kwa hiyo inaipandisha buluu na kuishikilia nyekundu. Kwenye jua hiyo ni kulimwagia shati ndoo ya buluu na kuinyima ngozi wekundu wake. Kwenye RAW alama ya balbu ingekuwa karatasi tu iliyobandikwa juu ya bahasha. Unaibandua, unaweka ya jua, sekunde mbili, hakuna kilichopotea.

Mzee hakunificha upande wa pili. Picha iliyotikisika hata ukiipiga RAW imetikisika. Na kama vidoa vya nyekundu vyenyewe vilijaa mwanga pomoni, hata RAW haina ua la kukupa. Mara nyingi unaokoa hatua moja hivi ya mwanga kwenye sehemu zilizoungua kwa mwanga mwingi, na zaidi ya hapo kwenye vivuli, lakini vivuli ukivivuta sana vinatoka na chengachenga.

Nikatoka pale nimeokoka. Na kama waliookoka wengi, nikawa kero.

Nilipakua darktable, programu ya bure ya kupika RAW. Picha ya kwanza ilinivunja moyo. Ilikuwa imepooza kama uji usiotiwa sukari, nikadhani kihisi kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Ndivyo faili inavyoonekana kabla hujaamua wewe giza liwe wapi na rangi iwe kiasi gani. Haya nayaona kwa wanafunzi wangu, na sasa huwaambia mapema, maana wengi huikimbia RAW siku hiyohiyo.

Harusi iliyofuata ilikuwa Nyalenda, shilingi 25,000. Nilipiga faili 900, zote RAW, gigabaiti 22. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4. Nikivuta kitufe cha mwanga, natia chai kikombeni, narudi, ndipo picha inabadilika. Usiku wa tatu stima ikapotea, betri ikazimika, na kazi ya saa mbili ikabidi niirudie. Siku ya tano maharusi wakapiga simu. Siku ya nane akapiga shangazi, na shangazi hapigi kuuliza, anapiga kusema. Niliwakabidhi siku ya 11. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti 1 kwa 7,500 na kisomaji cha kadi cha haraka kwa 1,800, fedha ambazo sikuwa nimezihesabu kwenye bei. Kazi ambayo kwa JPEG ingenichukua siku mbili ilinila usiku wa wiki moja na nusu, na mteja hakuniongezea hata ya soda. Angeongeza kwa sababu gani? Yeye alinunua picha, hakununua namba 16,384.

Palepale nikafanya kosa jingine. Bwana harusi aliniomba, "Buda, nipe zote, hata zile mbichi." Nikampa. Binamu yake akazifungua kwa programu asiyoijua, akazitoa hivyohivyo zimepooza, akazirusha mtandaoni na jina langu chini. Kwa wiki nzima watu wa Kisumu walijua mimi ni yule anayepiga picha za rangi ya saruji. Tangu hapo makubaliano yangu yana mstari mmoja: mteja anapata picha zilizokamilika, faili mbichi hazitoki. Akizitaka sana, tunazungumza bei, na jina langu halikai juu yake.

Lakini kilichonirudisha duniani ni fahali.

Rafiki wa Kakamega alinialika kwenye mapigano ya fahali kule Malinya, Ikolomani. Ukifika alfajiri unasikia ngoma za isukuti kabla hujaona chochote, kisha vijana wanakuja mbio wakimzunguka fahali wao wakiimba, matawi mikononi, na ardhi inatikisika hata usipotaka. Nilikuwa nimejibanza karibu na mti. Fahali wawili wakakutanisha pembe. Wakasimama. Kwa muda mrefu hawakufanya lolote ila kusukumana, shingo zimevimba, mchanga unachimbika taratibu chini ya kwato. Mimi kidole kiko chini: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Ya saba ikagoma. Kamera ikaandika kwamba ina shughuli. Taa nyekundu ya kadi ikawa inawaka tu. Faili sita za megabaiti 25 zilikuwa zimejaza kumbukumbu ya ndani, na kadi yangu ya bei rahisi ilikuwa inazimeza kama mtoto anayelazimishwa dawa. Wakati huohuo fahali mweusi akageuza shingo, akampata mwenzake ubavuni, mwenzake akageuka na kukimbia, na umati wote ukafunguka kama pazia akapita katikati. Nimeyaona kwa macho yangu mawili. Kamera ilipozinduka nilipata migongo ya watu wanaokimbia na kandambili moja hewani.

Zile sita nikaja kuzitazama nyumbani. Zina kila kitu, kila unywele wa fahali, vivuli vimejaa habari. Na zote sita ni picha ileile. Kwa JPEG kamera ileile hupiga 30 na zaidi mfululizo kabla haijachoka.

Mwezi uliofuata mhariri wa gazeti moja alinipa nafasi ya kupiga mechi ya kandanda hapa mjini. Alitaka picha tatu kabla dakika 20 hazijapita baada ya kipenga. Nikapiga RAW, kwa ubishi tu. Nikiwa bado nangoja laptopu ifungue folda, mhariri akachukua picha ya mwenzangu aliyekuwa ameketi kando yangu, amepiga JPEG, ametuma kwa simu kipindi cha mapumziko. Yake haikuwa nzuri kuliko yangu. Ilikuwepo.

Baadaye nilisoma kwamba mwishoni mwa 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizotengenezwa kutoka RAW, watume JPEG zilizotoka kwenye kamera. Sababu zilikuwa mbili: kasi, na picha kubaki karibu na kilichotokea bila mapishi mengi. Ningeisoma habari hiyo siku nilipotoka Kibuye ningewacheka. Na wakati huohuo mashindano ya World Press Photo huwadai wanaofika hatua za mwisho faili za awali kama zilivyotoka kwenye kamera, ili waamuzi waone mpishi alitia nini. Wote wawili wanatafuta ukweli, mmoja kwa kukataa picha zilizopikwa kutoka RAW, mwingine kwa kudai faili ya awali. Nililiwazia hilo siku nyingi, na ndilo lililonitoa kwenye ubishi wa ipi ni bora.

Siku hizi nikipokea kazi nauliza kwanza picha inakwenda wapi, lini, na ni nani atakayekaa nayo usiku. Picha za pasipoti napiga JPEG bila kufikiri mara mbili. Mwanga wa studio haubadiliki, mteja anasimama mlangoni anangoja. Mahafali ya watoto wa chekechea pia JPEG, ila kabla hawajapanda jukwaani nampiga mwalimu ameshika kadi ya kijivu, naiambia kamera "hiki ndicho kijivu," na mizani inakaa sawa mpaka mwisho. Mpira na fahali JPEG, na kadi ya haraka.

Harusi ni RAW. Pale kuna gauni jeupe kando ya suti nyeusi, ngozi nyeusi chini ya jua la ikweta, hema la kijani linalowapaka watu wote rangi ya mchicha, na hakuna atakayerudia kiapo kwa ajili yangu. Nikiwa na nafasi kwenye kadi naweka zote mbili pamoja, RAW na JPEG. Zile JPEG ndizo ninazowatumia jamaa jioni hiyohiyo ili shangazi apumzike. WhatsApp hubana picha unapoituma kama picha, kwa hiyo za kuchapisha nazituma kama hati. Magharibi ya Dunga, jua likizama ziwani, nayo ni RAW. Kwenye JPEG nikiligusa anga kidogo tu, ule mteremko laini kutoka chungwa hadi zambarau hukatika ngazi ngazi kama tuta la barabara.

Kuna mambo madogo ambayo yangeniokolea zile 12,000 nisizolipwa, na hayategemei RAW hata kidogo. Washa lile onyo la kumetameta linaloonyesha sehemu zilizoungua, na ulitii, hasa ukiona gomesi, kanga nyekundu au maua ya plastiki. Fahamu pia kwamba hata ukipiga RAW, picha unayoiona kwenye kioo pamoja na histogramu yake, ule mchoro wa kiasi cha mwanga, zinatokana na JPEG ndogo iliyomo ndani ya faili, iliyopakwa mtindo ulioweka. Ndiyo maana mimi sasa naweka mtindo uliotulia kabisa, hata kama kioo kinaonekana kimenuna. Kikinuna, uongo wake unapungua. Picha ya kwanza ya siku naitazama chini ya koti, si juani. Na faili ya JPEG iliyotoka kwenye kamera siihifadhi juu yake mwenyewe hata mara moja. Natengeneza nakala, nacheza na nakala.

Bei nayo nimeipandisha. Nimeandika wazi kwamba ndani yake kuna siku za kupika picha, na siku hizo zina idadi. Nimepoteza wateja wawili kwa sababu hiyo. Nilikuwa nadhani nitapoteza zaidi.

Linalonisumbua bado ni diski. Ile ya terabaiti 1 ilijaa, ya pili inakaribia, na kila mwezi wa Januari nakaa chini kuamua ni RAW zipi zitafutwa. Nimejiwekea mwaka mmoja baada ya kukabidhi. Kabla sijafuta nampigia mteja. Wengi wanasema futa. Mmoja alilia kwenye simu, nikaziacha.

Januari hii, nikiwa kwenye kazi hiyo, nilikuta folda ya Luanda. JPEG 412, gigabaiti 2.6, hazijai hata kona. Nikafungua za asubuhi kwa mara ya kwanza tangu siku zile. Mzee yupo kwenye kigoda, buluu tupu, kiatu mkononi. Nikaondoa rangi zote, nikabaki na sehemu ya kijani peke yake, ambayo ile balbu haikuwa imeiharibu sana. Ikatoka nyeusi na nyeupe, na ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga siku ile. Mishipa ya mkono inaonekana, brashi inaonekana, na nyuma yake mlango wa jikoni umefunguka nusu na moshi unatoka.

Nikampigia Mama. Nikamwambia kuna picha ya mzee, ningependa kumpelekea. Nilipofika aliitazama kimya, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akarudi nyuma hatua mbili, akairekebisha fremu iliyokuwa haijapinda.

"Ni ya siku ileile?"

"Ni ya asubuhi, Mama."

"Na gomesi yangu?"

Nikamwambia hiyo haiwezekani. Akaenda chumbani, akarudi nayo imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni, akaitandaza kwenye kochi karibu na dirisha. Maua yalikuwepo. Akaniuliza kama kamera nimekuja nayo.